Shaba ya Tabora (Sehemu ya Nne): Sarafu Zilizotoka Katika Maganda ya Mizinga

Habari za wizi wa nyaya za shaba na vyuma vya reli zinanikera kila nikizisoma. Reli ya Kati imewahi kuona shaba chakavu ikigeuzwa kuwa mali, na hapo ndipo tulipofika katika simulizi yetu: Vita Kuu ya Kwanza inaendelea, Waingereza wamefunga bahari, fedha hazifiki tena kutoka Berlin hadi koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na askari wanadai mshahara.

Noti za dharura zilizochapwa Dar es Salaam hazikupendwa vijijini. Aliyeuza mtama wake alitaka fedha inayolia ikigongwa mezani. Basi mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Maganda ya mizinga na shaba nyingine chakavu viliyeyushwa na kupigwa chapa, zikatoka sarafu za Heller 5 na Heller 20.

Ukibahatika kuishika ya 20, itazame vizuri. Utaona taji la Kaisari, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni), mwaka, na chini kabisa T ya Tabora. Nyingine ni za shaba nyeupe, nyingine za shaba nyekundu, kwa maana kilichopatikana ndicho kilichotumika. Zipo za taji kubwa na za taji dogo. Kingo mara nyingi zimepinda, na chapa haikukaa katikati.

Wakusanyaji wa sarafu huikimbilia zaidi ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye ndovu, iliyopigwa hapohapo kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zaidi ya vipande 16,000. Mimi naipa heshima zaidi ya shaba. Hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye pindo la kanga na kununua chumvi sokoni.

Siisifu vita ile. Chakula cha watu wetu kilichukuliwa kwa nguvu, na wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, walikufa kwa maelfu. Mafundi wa Kiafrika wa karakana nao wanastahili kutajwa katika kila maelezo ya sarafu hizi, badala ya kuandikwa kana kwamba Wajerumani walifua peke yao. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliingia Tabora, na kazi ikakoma.

Kuhusu wizi wa leo nasema moja tu: mnunuzi wa chuma chakavu asiyeuliza kipande cha reli kimetoka wapi ashitakiwe pamoja na mwizi.

Wiki ijayo: Amani, na dawa ya malaria iliyotengenezwa kwa magome.