Mabehewa ya Ngozi Mbichi

Ngozi mbichi ya ng'ombe huharibu chombo kinachoibeba. Ikishachunwa hutiwa chumvi nyingi isioze, nayo chumvi huivuta maji. Safarini maji hayo, yaliyochanganyika na damu na mafuta, huchuruzika sakafuni, yakazama kwenye mbao na kula chuma. Uvundo wake hautoki hata behewa lioshwe vipi.

Reli za Marekani katika karne ya 20 zilikuwa na dawa ya kibahili, lakini yenye akili: ngozi zilipewa mabehewa yaliyokwisha kuzeeka. Behewa lililobeba unga au nafaka kwa miaka mingi, likichoka, lilitengwa kwa kazi hiyo. Ubavuni liliandikwa kwa rangi kuwa ni la ngozi tu, asije mpakiaji wa kituo kingine akalijaza chakula. Baada ya hapo lilisubiri kukatwa vyuma chakavu.

Kitovu cha biashara ya ng'ombe na ngozi kilikuwa Chicago, ambako soko kuu la mifugo, Union Stock Yards, lilifunguliwa mwaka 1865 na kufungwa 1971. Kampuni za nyama kama Swift na Armour hazikutupa kitu. Nyama iliondoka kwa mabehewa ya barafu. Ngozi zilikwenda viwandani, vikiwamo vya Milwaukee. Damu na mabaki ya nyama yalikaushwa yakawa mbolea na chakula cha mifugo.

Mafuta ya ng'ombe yalihitaji behewa la tangi. Kwa kuwa huganda yakipoa, tangi lilitandikwa mabomba ndani. Likifika, mvuke ulipitishwa humo mpaka mafuta yakayeyuka, ndipo yakafunguliwa.

Mifupa ina kisa cha huzuni zaidi. Baada ya nyati wa nyanda za kati za Marekani kuuawa karibu wote, walowezi wa miaka ya 1870 na 1880 waliokota mifupa yao, wakairundika kando ya reli na kuiuza. Treni ziliipeleka St. Louis na Detroit, ikasagwa kuwa mbolea au kuchomwa kuwa mkaa wa kusafishia sukari.

Siku hizi ngozi nyingi za Marekani husafirishwa kwa makontena kwenda ng'ambo. Matangi ya mafuta ya wanyama bado yapo relini, na sehemu ya shehena yake sasa huishia katika viwanda vinavyoigeuza kuwa dizeli, kikiwamo cha Norco, Louisiana, kilichoanza kazi mwaka 2013.