Mbegu chotara ya mtama: uliza kabla ya kununua

Anayerejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizini mara nyingi hukuta shamba limekuwa pori na ghala ni tupu. Kitu cha kwanza anachotafuta ni mbegu, na anayemletea ni mfanyabiashara wa mpakani.

Katika masoko ninayopita nimesikia mtama wa chakula ukinadiwa kuwa ni “mbegu chotara”. Punje zake ni nzito na za kupendeza. Lakini mnunuzi asiyejua chotara ni nini anaweza kupoteza msimu mzima.

Chotara hupatikana kwa kuunganisha aina mbili za mtama zenye asili tofauti. Kizazi cha kwanza mara nyingi huwashinda wazazi wote wawili: hukua kwa kasi na kutoa masuke makubwa zaidi.

Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu ua la mtama hujichavusha lenyewe. Mwaka 1954 nchini Marekani, Stephens na Holland walieleza namna ya kupata mtama usiotoa chavua, kwa kuunganisha milo na kafir, aina mbili ambazo asili yake ni Afrika.

Nchini Sudan, mtaalamu kutoka Ethiopia, Gebisa Ejeta, alizalisha chotara inayostahimili ukame, Hageen Dura-1, iliyoidhinishwa mwaka 1983. Ilizaa kuliko aina za kienyeji, na mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Hata hivyo, nguvu hiyo haidumu. Ukipanda punje ulizovuna kwenye chotara, mimea ya kizazi cha pili huachana: mingine mirefu, mingine mifupi, mingine huchelewa kukomaa, na mavuno hupungua. Ndiyo maana chotara hununuliwa upya kila msimu. Kwa aina kama Seredo, iliyotoka kituo cha Serere nchini Uganda, mkulima anaweza kuchagua masuke bora na kuweka mbegu yake mwenyewe.

Ushauri wangu kwa wauzaji: mtama wa chakula usiitwe mbegu. Nawe unayerejea, dai pakiti yenye jina la aina. Kama huna uhakika wa fedha za msimu ujao, panda mbegu unayoweza kuihifadhi. Na ukikuta kwa jirani mtama wa wazee, omba japo suke moja ulitunze. Chotara zijazo zitahitaji wazazi.