Mashine ya Kahawa na Ugomvi wa Saa Kumi na Moja Alfajiri

Nilidhani tunanunua kifaa cha jikoni. Kumbe tulikuwa tunaamua nani aamke na nani alale.

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu: nyumbani kwako nani anaamka kwanza? Na huyo anayeamka kwanza, anaamka kwa kupenda, au kwa sababu anajua asipoamka yeye hakuna kitakachofanyika?

Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Tunaishi Tegeta, kazi zetu wote wawili ziko Posta, na kama unaijua foleni ya Barabara ya Bagamoyo basi sina haja ya kukueleza kwa nini saa kumi na moja na nusu tunatakiwa tuwe tumeshatoka getini. Mume wangu ni mtu wa Marangu, na bila kahawa siku yake haianzi. Sio ile ya kukoroga na kijiko, hapana. Anataka ya kusaga, iliyochemka ikachemka. Kwa hiyo alfajiri mimi ndo niliyekuwa nasimama jikoni na khanga yangu, nikilinda sufuria isifurike, wakati bwana mkubwa anageukia upande wa pili.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nachemsha huku naimba. Si unajua tena ndoa changa! Baadaye nikaacha kuimba. Baadaye tena nikawa naweka kikombe mezani bila kusema neno, tunapanda gari, tunafika Posta tumesikiliza redio tu. Siku moja sufuria ikafurika, jiko lote likalowa, nikakaa chini kwenye vigae nikalia. Mwenzangu akatoka chumbani akaniuliza, "Sasa mke wangu, si kahawa tu?"

We acha tu. Siku hiyo ndo tulipokubaliana kutafuta mashine.

ZAWADI ILIYOTOA MOSHI

Tulishakuwa nayo moja, kumbe. Shangazi yangu anayeishi Marekani alituletea kwenye harusi, ya vikombe 12, ikakaa kabatini na boksi lake. Tukaitoa kwa mbwembwe, tukaweka maji, tukaweka kahawa, tukaichomeka kwa adapta. Kabla tone la kwanza halijadondoka tukasikia "paa!", harufu ya plastiki ikajaa jikoni, na umeme wa nyumba nzima ukazimika.

Fundi alipokuja aliigeuza tu chini akatuonyesha kibandiko: 120 V. Umeme wetu ni 230. Adapta inabadilisha umbo la plagi, haipunguzi nguvu ya umeme. Kifaa cha kupasha joto cha 120 ukikipa 230, kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile kilichotengenezewa. Lazima kiungue. Kwa hiyo kama una ndugu nje anayetaka kukufurahisha, mwambie mapema: kibandiko kisomeke 220 hadi 240 V.

MADUKANI NILIULIZA NINI

Safari hii sikukurupuka. Kwanza nilitaka kujua kinachoendelea ndani ya hiki kitu. Kumbe nyingi hazina pampu kabisa. Maji yanatoka kwenye tangi yanaingia kwenye bomba dogo linalopashwa moto. Yakianza kuchemka, mapovu yanayasukuma juu, yanadondokea kwenye kahawa iliyo ndani ya chujio, yanashuka kwenye jagi. Moto huo huo ndo unaopasha kile kisahani kinachokalia jagi. Ukilielewa hilo, maswali ya dukani yanakuja yenyewe.

Ukubwa. Usidanganywe na neno "vikombe". Kikombe cha mashine ni kama mililita 125 hivi, kile cha babu zetu, siyo kile kikubwa unachonywea ofisini. Mashine ya vikombe 10 inakupa lita moja na robo, yaani vikombe vikubwa vinne au vitano. Sisi tuko wawili, ya vikombe 6 inatutosha.

Jagi. Kuna la kioo linalokaa kwenye kisahani cha moto, na kuna la chuma linalotunza joto lenyewe. La chuma ni bora lakini bei iko juu. Tulichukua la kioo, na nitakwambia tulivyolitibu.

Chujio. Kuna la wavu la kudumu na kuna karatasi za kutupa. Karatasi ina faida ambayo sikuijua: kahawa ina mafuta yake yanayoweza kupandisha lehemu kwenye damu, na karatasi inayazuia kwa sehemu kubwa. Kahawa ya sufuria inakupa yote. Lakini kabla hujalipa, muulize muuzaji: "Hizi karatasi nitazipata wapi mwezi ujao?" Akijiumauma, chukua yenye wavu.

Saa ya kujiwashia. Hapa ndo tulipobishana mpaka muuzaji akatuacha. Mwenzangu alitaka ile unayoitega usiku, asubuhi ikujiwashie. Mimi nikamwambia, umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, saa ya mashine nyingi inajifuta, na unaamka unakuta maji baridi. Tukachukua yenye swichi moja. Washa, zima.

Kwa taarifa yako, haya mambo yalianzishwa na mama wa nyumbani. Mwaka 1908 huko Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz alichoshwa na masimbi ya kahawa mdomoni. Akatoboa chombo cha shaba kwa msumari, akaweka karatasi ya kukaushia wino ya daftari la mwanawe, akamwagia maji ya moto. Kampuni yake ilipoanza, mumewe Hugo alifanya kazi humo. Mashine ya umeme ya namna hii, Wigomat, ilikuja mwaka 1954, Ujerumani huko huko. Kuhusu Hugo nilimsomea mwenzangu mara mbili, kwa sauti.

WIKI YA KWANZA: MAJI YA RANGI

Basi bwana, tukaiwasha. Kikombe cha kwanza kilikuwa maji ya rangi. Mume wangu alikunywa kwa adabu tu, nikajua kimyakimya anaikumbuka sufuria.

Kosa lilikuwa letu. Mashine inapitisha maji mara moja, haichemshi tena na tena, kwa hiyo inataka kahawa ya kutosha: gramu 55 hadi 60 kwa lita. Kwa nusu lita yetu ni kama vijiko sita vya chakula vya kawaida. Sisi tulikuwa tunaweka viwili! Na usagaji uwe wa kati, kama mchanga. Ukisaga laini kama ngano, maji yanashindwa kupita, yanafurika juu ya chujio. Ukisaga mabonge, yanapita mbio bila kubeba ladha.

Kosa la pili lilikuwa kisahani cha moto. Kahawa ikikaa pale nusu saa inakuwa chungu ya kuungua, siyo uchungu mtamu wa kahawa. Dawa yake kila nyumba ya Kitanzania inayo: chupa ya chai. Ikimaliza kudondoka tu, mimina kwenye chupa, zima mashine. Iwe chupa ya kahawa peke yake lakini, maana harufu ya tangawizi haitoki.

Na maji! Ukiweka maji ya kisima yenye chumvi, lile bomba la ndani linajenga ukoko mweupe na mashine inaanza kukohoa na kuchelewa. Tunatumia maji ya kunywa, na kila mwezi tunachanganya siki kiasi kimoja na maji viwili, tunaiwasha mpaka nusu ipite, tunazima nusu saa, tunamalizia. Halafu maji matupu mara mbili, la sivyo utakunywa kachumbari.

Siku ya kukatika umeme je? Tunachomoa chujio, tunalikalisha juu ya chupa, tunamwagia maji ya jiko la gesi taratibu. Melitta mtupu.

NANI ANAWEKA MAJI?

Sasa nikwambie kilichobadilika kweli. Mashine ilipofika, nani unadhani alikuwa anaijaza, anaiosha na kutupa masimbi? Mimi. Nilikuwa nimebadilishiwa sufuria tu. Wiki ya pili nikasema: usiku ni wako, asubuhi ni yangu. Yeye kabla ya kulala anaosha chujio, anajaza tangi, anapima kahawa. Mimi nikiamka nabonyeza swichi narudi kukaa kitandani. Ndani ya dakika nane iko tayari, na dakika hizo nane ndo tunaongea. Mara ada ya mdogo wake, mara bosi wangu, mara upuuzi tu. Redio ya gari siku hizi tunaizima.

Kisha baba mkwe akaja kuonana na daktari, akakaa kwetu wiki. Usiku wa kwanza akamkuta mwanawe kwenye sinki, mikono imejaa masimbi. Mzee akasimama mlangoni. "Siku hizi huku mjini mwanaume ndiye anayeosha vyombo?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mume wangu hakugeuka hata. Akasema, "Baba, kahawa ulipalilia mwenyewe, ukachuma, ukamenya, ukaosha, ukaanika. Mimi nikishika chujio ndo nitaharibika?"

Mzee hakujibu, akaenda kulala. Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo baba," nikamwekea kikombe. Mtu huyu amesomesha watoto kwa kahawa, lakini nyumbani kwake kinachonywewa ni chai ya maziwa. Akaonja, akanyamaza. "Mwanangu, hii ni ya wapi?"

"Ya kwenu, baba. Paketi imeandikwa Kilimanjaro."

Akatikisa kichwa. "Kumbe ndiyo hii waliyokuwa wanatununulia." Akasogeza kikombe niongeze.

Habari ya sinki hakuigusa tena, na sidhani kama ameikubali. Ila siku ya tatu nilimkuta usiku amekaa jikoni na mwanawe, anamwelekeza kwamba vijiko vimezidi.

Sitakudanganya kwamba sasa hatugombani. Juzi mwenzangu alilala bila kuandaa, nikabonyeza swichi kwenye tangi kavu. Tulipandishiana sauti, lakini tulimaliza kabla ya kufika Mwenge, na zamani ingechukua wiki.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani kulinganisha jagi na vibandiko, leo usiku muulize mwenzako swali moja: kesho asubuhi nani anaamka kwanza? Halafu nyamaza, umsikilize.