Kwa Nini Diwali Haihami Kama Idd

Oktoba ikikaribia, hakosi mtu wa Eastleigh hapa Nairobi wa kuniuliza: Diwali ni lini mwaka huu? Kwa kawaida anatarajia nimpe tarehe isiyobanduka kama ya Krismasi, au nimwambie angoje mwezi uandame kama tunavyongoja Idd. Jibu haliko huku wala kule.

Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi peke yake. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani ambayo mtu aliifunga kwenye baridi ya Julai ataikuta miaka mingine katikati ya jua la Januari. Wahindu nao huhesabu mwezi, ila hawataki sikukuu iachane na msimu wake. Kila baada ya miezi 32 au 33 hivi wanachomeka mwezi mzima wa ziada, uitwao Adhik Maas, na mambo yanarudi sawa.

Tazama mfano. Diwali ya 2021 ilikuwa Novemba 4, na ya 2022 ikawa Oktoba 24, yaani siku 354 baadaye, sawasawa na hesabu ya mwezi. Kwa mwendo huo, ya 2023 ingeangukia Oktoba 13. Haikuangukia hapo. Mwezi wa ziada uliingia kati ya Julai na Agosti, na taa zikawashwa Novemba 12.

Tofauti ya pili naipenda zaidi. Idd hutangazwa mwezi mchanga ukionekana, ilhali Diwali huwa usiku ambao mwezi haupo kabisa. Ni usiku wa giza totoro, na ndio unaoipa kazi diya, kibakuli cha udongo kinachoenea kiganjani, chenye samli au mafuta na utambi wa pamba. Stima ikipotea Pangani usiku huo, hapaharibiki kitu.

Nasema Wahindu, si Wahindi. Mitaani tunayachanganya maneno haya kila siku, lakini Singasinga au Ismailia ni Mhindi kwa asili bila kuwa Mhindu kwa dini. Wote waliwahi kuwa majirani huku: serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi, na Ngara, Pangani na sehemu ya Eastleigh zikawa makao ya Waasia. Wengi wamekwisha kuhamia Parklands na kwingineko, lakini hekalu la BAPS, jumuiya ya Wahindu wafuasi wa Swaminarayan, lililofunguliwa 1999, liko kwenye barabara iliyoitwa Forest Road, mwendo mfupi kutoka Pangani.

Ukifika hekaluni siku za Diwali, vua viatu kwanza. Wafanyabiashara huja na vitabu vya hesabu kwa ibada ya Chopda Pujan. Ukurasa mpya hufunguliwa, huandikwa maneno ya kuomba heri na faida, kisha kitabu huombewa kama vile mwingine angeombea shamba kabla ya kupanda. Siku hizi kompyuta nazo hupangwa safuni, zimewekewa maua. Anayeshangaa akumbuke kwamba neno letu bepari lilitoka kwao, kabla halijawa tusi la majukwaani.

Kwa Wagujarati, baada ya Diwali huja mwaka mpya, na hapo ndipo penye Annakut, mlima wa chakula. Mbele ya murti, yaani sanamu takatifu, hupangwa vyakula ngazi kwa ngazi: ladu, wali, maharagwe, matunda, keki zisizo na mayai. Hutaona nyama, na kwa Waswaminarayan hata kitunguu na kitunguu saumu havimo. Watu hawali mpaka chakula kimetolewa kwa Mungu. Kikishatolewa huitwa prasad na hugawiwa kila aliyepo, wa dini yoyote. Pokea kwa mkono wa kulia.

Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya inaitaja Diwali, ila mapumziko yake ni ya Wahindu tu. Hivyo mtoto wa Buruburu ataenda shule kama kawaida, na huenda baba yake akakuta duka la vipuri limefungwa.

Na kwa anayeuliza ya 2026: mwezi wa ziada unaingia Mei na Juni, kwa hiyo Diwali ni Jumapili, Novemba 8.