Je, Wajua? Wasaka Ndege za Vita

Wapo watu ambao mwisho wa wiki wao hautumiki ufukweni wala kwenye harusi. Wako kwenye makabrasha ya zamani, mashimo ya matope na vilindi vya bahari wakitafuta ndege zilizopotea katika vita viwili vya dunia. Wengi wao hawajawahi kuwa wanajeshi. Haya ni machache niliyoyaokota kwao, na mengine yalitokea hapahapa kwetu.

Ilifukiwa chini ya mita 82 za barafu, ikatoka na kuruka tena

Tarehe 15 Julai 1942, ndege nane za Marekani, P-38 sita na B-17 mbili, zilitua kwa dharura juu ya barafu ya Greenland. Hali ya hewa ilikuwa imechafuka na mafuta yanakwisha. Watu wote 25 waliokolewa, ndege zikabaki. Miaka ya 1980, Wamarekani wawili, Pat Epps na Richard Taylor, walipokwenda kuzisaka walidhani watakuta mikia imechomoza. Wangefagia theluji, wawashe injini na kurudi nyumbani. Kumbe theluji ya miaka yote hiyo ilikuwa imelaliana na kuganda. Mita 82! Simamisha nguzo za umeme tisa, moja juu ya nyingine, ndipo uipate picha.

Na sasa sikia walivyofika huko chini. Walitumia kifaa chenye umbo la pia, kilichozungushiwa mabomba membamba ya shaba yanayopitisha maji ya moto. Kilining'inizwa kwa mnyororo kikawa kinayeyusha barafu na kushuka polepole, nyuma yake kikiacha kisima chenye upana wa mita moja na kitu. Mtu akateremshwa humo, maji yakimdondokea kichwani, na chini kabisa akachonga pango kwa maji ya moto hadi P-38 nzima ikajitokeza. Mwaka 1992 ilipandishwa vipande vipande. Baada ya miaka kumi ya ufundi, tarehe 26 Oktoba 2002, iliruka tena katika anga ya Kentucky ikiitwa Glacier Girl, yaani msichana wa barafu.

Chai ya mwaka 1943 ilinyweka mwaka 1959

Ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, Lady Be Good, ilitoka Libya tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kupiga Naples, Italia. Usiku, wakati wa kurudi, ilipita juu ya kambi yake bila kujua ikazidi kuingia jangwani. Ilionekana mara ya kwanza mwaka 1958, na watafutaji wa mafuta waliokuwa wakipita angani. Waliokwenda kuikagua mwaka uliofuata walikuta redio inafanya kazi, bunduki zinapiga, na chupa ya chai ambayo bado ilinyweka. Ukavu wa Sahara ulikuwa umeitunza ndege kuliko ghala lolote. Wanajeshi wake tisa, walioruka kwa miavuli, hakurudi hata mmoja.

Ndege iliyoogeshwa kwa ukali wa ndimu

Dornier Do 17 ya Wajerumani ilitunguliwa tarehe 26 Agosti 1940 ikaanguka kwenye bahari ya kusini mashariki mwa Uingereza. Ilikaa huko kichwa chini miguu juu hadi ilipovutwa nje tarehe 10 Juni 2013. Ziliundwa zaidi ya 1,500 za aina hiyo, na hii ndiyo pekee inayojulikana kubaki karibu nzima. Taabu ikaanza pale ilipotoka majini, kwa sababu chumvi ikishakutana na hewa huitafuna aluminiamu kwa kasi. Wataalamu wa makumbusho wakaiweka ndani ya mahema ya plastiki kama yale ya kukuzia nyanya, wakainyunyizia maji yenye asidi ileile inayoipa ndimu ukali wake. Yeyote aliyewahi kusugua sufuria kwa ndimu anaijua kazi hiyo.

Ndege ya kivita iliyotengenezwa na maseremala

Mosquito ya Uingereza ilikuwa ya mbao: tabaka jembamba la mbao ngumu huku na huku, katikati balsa, mti mwepesi kuliko unavyodhani mti unaweza kuwa, vyote vikashikanishwa kwa gundi. Mafundi wa makabati na wa piano waliitwa kuja kuiunda, na ikapita kilomita 600 kwa saa. Lakini mbao huoza, kwa hiyo wanaotaka kuirusha tena hulazimika kuiunda karibu upya. Mwaka 2017, kabla jengo la kiwanda kimoja cha zamani huko Broughton halijabomolewa, zilipatikana zaidi ya kadi 20,000 zenye filamu ya michoro ya Mosquito. Fikiria tingatinga lingetangulia siku moja tu.

Karatasi ililishinda katapila

Kwa miaka mingi mkulima mmoja wa Uingereza aliamini kwamba ndege kadhaa za Spitfire zilizikwa ndani ya makasha huko Burma, vita vilipokwisha mwaka 1945. Wazee waliopigana huko walimsimulia hivyo. Mwanzoni mwa 2013 uchimbaji ulianza kwenye uwanja wa ndege wa Yangon, na hakuna kilichopatikana. Jibu lilikuwa kwenye nyaraka za jeshi: makasha hayo hayakuwahi kuzikwa, na Spitfire nyingi zilisafirishwa kutoka nchini humo mwaka 1946. Mimi nawapenda watafiti wa makabrasha kuliko hata wachimbaji. Hawapigwi picha, lakini wao ndio wanaojua.

Rejeta ya gari la Ford iliruka juu ya Rufiji

Hapa nawaomba tukae kidogo. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ilijificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Toka baharini haikuonekana. Waingereza wakamkodi Denis Cutler, raia aliyekuwa na ndege yake ya kutua majini huko Durban, wakamleta kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia. Ndege haikuwa na dira! Safari ya kwanza alipotea, akatua penye kisiwa kisicho na watu. Rejeta ilipoharibika, meli ilitumwa Mombasa kutafuta nyingine, ikarudi na ya gari la Ford. Kwa chombo hicho Cutler aliiona manowari, kabla ya kukamatwa na Wajerumani mwezi Desemba.

Ndege bora zaidi zilikuja baadaye, na uwanja ukafyekwa Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walizunguka juu ya mto, Arnold akizielekeza meli mbili za Uingereza kwa redio wapi makombora yanaangukia. Ndege yao ikapigwa. Injini inakufa, wanashuka, na Arnold bado anagonga ujumbe wa kusahihisha shabaha! Walianguka mtoni, ndege ikapinduka, wote wawili wakatoka hai. Königsberg ikawa imekwisha. Mmoja wa mizinga yake uko Mombasa, Fort Jesus. Ukipita uguse chuma chake.

Meli ya angani iliyopangwa kuvaliwa

Novemba 1917 Zeppelin L 59 ya Wajerumani, yenye urefu wa viwanja viwili vya mpira, ilitoka Bulgaria na tani 15 za risasi, dawa na vifaa kumpelekea Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku Afrika Mashariki. Haikupangiwa kurudi: ngozi yake ingekatwa kuwa mahema na kitambaa cha ndani kuwa bendeji. Ilipofika karibu na Khartoum ikaamriwa kwa redio igeuze. Ilikaa hewani saa 95 na kwenda kilomita 6,757, karibu mara sita ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza.

Zanzibar ilikuwa na jina angani Ufaransa

Katika Vita vya Kwanza, nchi zilizokuwa chini ya Uingereza zilichangishwa fedha za ndege, na kila ndege ikaandikwa jina la waliotoa. FE2b namba 6341 ya kikosi cha 25 iliitwa Zanzibar No. 1, na mwaka 1916 ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Wapenzi wa ndege bado huitambua pichani kwa namba hiyo. Injini ilikuwa nyuma ya rubani, na mpiga bunduki alikaa mbele kabisa, kwenye pua, wazi kama mtu aliyeketi ndani ya karai. Adui akija kwa nyuma, ilimbidi asimame juu ya kiti chake, bila mkanda, upepo ukimpiga magotini, afyatue risasi juu ya bawa.