Makovu ya Mtakatifu Bakhita

Ndugu msikilizaji, yumkini uliumizwa utotoni, nawe umeambiwa kwamba ukiwa na imani utasahau. Hilo silo fundisho la Kanisa.

Mtakatifu Josefina Bakhita alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa angali mtoto, akauzwa utumwani, na kwa hofu akalisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Alichanjwa kwa wembe, majeraha yakatiwa chumvi. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa huko Venice. Tangu hapo alionekana mara nyingi akilibusu birika la ubatizo, kwa kuwa hapo aliyepokonywa jina alifanywa mwana wa Mungu.

Hata hivyo, alipokuwa akifa mwaka 1947, mtawa wa miaka 50 na zaidi, alimsihi muuguzi amlegezee minyororo. Je, imani yake ilipungua? Hasha! Hata Kristo mfufuka alimwonyesha Tomaso madonda yake.

Basi ndoto mbaya zikikurudia, usijihukumu. Sisi mapadre nasi (nakiri) tumewahi kulihimiza neno “samehe” kabla ya kusikiliza. Sali, lakini pia mtafute mtu mwaminifu, au mtaalamu wa tiba ya nafsi, umweleze. Bakhita naye alimsimulia mtawa mwenzake habari zake, miaka mingi baada ya ubatizo.