Samaki Anayeitwa kwa Jina la Kasulu

Mkulima wa Kumsenga anayelima hadi ukingoni mwa mto hupoteza rutuba, na huenda akafukia samaki wa pekee.

Mwaka 1998, wataalamu Luc De Vos na Lothar Seegers walitangaza aina saba mpya za samaki kutoka mabonde ya Malagarasi, Luiche na Rugufu. Mmoja aliitwa Orthochromis kasuluensis, kwa jina la Kasulu. Ni samaki wadogo wa kwenye mawe na maji ya kasi. Kwa vinasaba, kundi lao ni jamaa wa furu wa Ziwa Victoria.

Tope la shambani hufunika mawe hayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo. Panda mabingobingo hapo: udongo utabaki, ng'ombe atakula, samaki ataishi.